Tulichokiita Kelele

Santuri yenyewe ni ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye wimbo mmoja kila upande. Paroko wa parokia jirani alituletea ikiwa imeviringishwa kwenye khanga, siku chache kabla ya Kwaresima. Kwaya ya parokia yake iliirekodi miaka ya sabini, na hakuna aliyejua kama kuna nakala nyingine. Alituomba sisi mafrateri wanne tunaosimamia kwaya ya seminari tuuingize wimbo wa upande wa kwanza kwenye kompyuta na kuusafisha, ili usikike siku ya jubilei ya parokia. Tulikubali kwa furaha. Gramafoni ipo maktaba, kompyuta ipo, na programu ya Audacity hupatikana bure. Tulidhani tuna kila kitu.

Kwa ambao hawajawahi kushika santuri, sauti yake imechongwa ndani ya mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Sindano hupita humo ikitikiswa na kuta za mfereji, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Lakini sindano haichagui. Vumbi, alama za vidole na mikwaruzo navyo huitikisa. Ndiyo maana santuri ya zamani huwa na mvumo mzito wa chini, mchakarisho wa mfululizo kama mafuta kikaangoni, na mlio wa ghafla, “ta!”, pale penye mkwaruzo.

Tulianza vizuri. Tuliiosha santuri kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, tukaipangusa kwa kitambaa laini kwa kufuata mfereji. Tukarekodi. Kisha tukachagua nusu sekunde mwanzoni, kabla kwaya haijaanza, tukaiambia programu: hii ndiyo kelele. Programu hupima sampuli hiyo, halafu hupita wimbo mzima ikishusha kila kinachofanana nayo. Mara ya kwanza mchakarisho ulipungua. Mara ya pili ukabaki kwa mbali. Mara ya tatu palikuwa kimya kama chumba cha kujisomea saa nne usiku. Tulipongezana. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, tulihifadhi faili safi juu ya lile la awali.

Paroko alitueleza kwamba mmoja wa wanakwaya wale bado anaishi karibu na kigango. Tulimwendea Jumapili baada ya Misa, na simu yenye wimbo mfukoni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni mketi.”

Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba tumrudishie. Mara ya pili machozi yalimtoka.

“Ni wao,” alisema. “Huyo wa besi ni marehemu mume wangu. Lakini mimi simo.”

Tukamuuliza alikuwa akiimba sauti ya ngapi.

“Sikuimba. Nilikuwa napiga kayamba.”

Hakuna aliyejibu. Yeye ndiye aliyetuonea huruma, akaagiza chai.

Kayamba ni matete yaliyofungwa pamoja, na ndani yake mna mbegu. Ukilitikisa, mbegu husuguana na matete na kutoa sauti isiyo na noti moja: ni sauti nyingi, za chini na za juu, kwa wakati mmoja. Mchakarisho wa santuri nao uko hivyohivyo. Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba huu ni uchakavu na yule ni Bibi. Aliyepaswa kujua ni sisi, na hatukuwa tumeuliza.

Kayamba halikuingia kanisani kirahisi. Mwaka 1958 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na kwaya yake ya Kamina, Katanga, walirekodi Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, na katika kifungu cha 119 ukataka muziki wa jadi wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi inayostahili. Tumeisoma hati hiyo darasani. Bibi alisimama kanisani na kayamba lake miaka michache tu baada ya hapo, nasi tukamtoa kwa kubonyeza mara tatu.

Ilibidi kurekodi upya. Usiku ule, wimbo ukiwa katikati, umeme ulikatika. Tulipapasa gizani kuinua mkono wa gramafoni, na mmoja wetu akaugonga. Tuliisikia sindano ikiteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Asubuhi tuliuona mkwaruzo, mweupe, umepita juu ya wimbo wote. Wimbo ni wa dakika tatu; mizunguko 45 mara tatu ni 135. Miaka yote ile santuri ilikuwa imekaa kwenye kabati la parokia bila kupata jeraha kama hilo. Tulilipata sisi, tuliokuja kuitibu.

Tulimweleza paroko ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Malizeni kazi.”

Safari hii tulihifadhi faili la awali mahali pawili kabla ya kugusa chochote. Programu ina uwezo wa kukuonjesha mabaki, yaani kile tu inachotaka kukitupa. Tulisikiliza mabaki hayo kwa mara ya kwanza. Lilikuwemo kayamba, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosa pigo hata moja. Zilikuwemo pia “s” za waimbaji, ile ya “msalaba” na ile ya “Kristo”. Zilikuwemo pumzi zao kabla ya kila ubeti.

Basi tuliuacha mchakarisho, tukaupunguza kidogo tu. Milio 135 tuliishughulikia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kila jioni baada ya Masifu ya Jioni. Kila mlio ni kama elfu tatu za sekunde. Programu hutazama wimbi lililo kabla na lililo baada, kisha huziba pengo kwa kukisia. Ukijumlisha makisio yote hayafiki nusu sekunde, lakini ni makisio, na katika maelezo ya faili tumeandika hivyo, pamoja na chanzo cha mkwaruzo.

Katika falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu chenyewe. Tulijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini mbele ya santuri tulitaka kitu kilingane na wazo letu la usafi. Mungu akipenda, siku moja tutatumwa parokiani, na huko tutakuta mengi ya kusafisha: vikundi, desturi, namna ya kuimba, wazee wanaochelewesha kikao. Mengine yatakuwa vumbi kweli. Tunaomba tuwe na subira ya kuuliza kwanza ni nani aliyekuwa akipiga.

Tulirudi kwa Bibi Jumamosi kabla ya jubilei. Wimbo ulipoanza, mkono wake wa kulia uliinuka kutoka mapajani na kuanza kutikisika, taratibu, pamoja na kayamba. Katikati alituuliza mbona kuna kelele kidogo. Tukamwambia.

“Iacheni,” alisema. “Nasikia vizuri.”