Kalamu ya Jumapili

Nilisomea ualimu Chang'ombe, siku ambazo chuo kile kilikuwa bado cha ualimu, kabla hakijageuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005. Kwa miaka 34 kalamu yangu ilikuwa nyekundu, na kazi yake ilikuwa kusahihisha insha. Mwaka jana, nikiwa na miaka 64, niliandikiwa kalamu ya namna nyingine: ina sindano nchani, hudungwa tumboni mara moja kwa wiki, na ndani yake mna dawa iitwayo semaglutidi. Jina la kwenye boksi ni Ozempic.

Daktari alinipima sukari na uzito, akaandika neno la Kiingereza kwenye cheti. Nilimwomba anitajie kwa Kiswahili. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, tunaita kiribatumbo." Wasomaji mtanisamehe: niliacha kusikiliza habari za ugonjwa, nikaanza kulitazama neno. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Aliyeliunda neno hilo alikuwa na jicho kali, ila huruma ilimpungukia. Wanene tunao bonge na tipwatipwa. Kitambi kina heshima yake mpaka leo. Mwembamba ni kimbaumbau, naye huchekwa. Mtu akikuambia "umenenepa" anakupongeza. Akikuambia "umekonda" anakupa pole.

Binti wa duka la dawa nilimfundisha kidato cha pili. Aliniamkia, akakisoma cheti, kisha akaandika bei kwenye kikaratasi akanisogezea, asije akaitamka mbele ya wateja. Nina vyumba viwili vya kupangisha hapa Mbagala. Kalamu moja, ya kutosha mwezi, ilitaka kodi ya vyumba vyote viwili kwa miezi mitano.

"Shikamoo tena, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kosa ni lake. "Una bima?"

Sina. Niliacha ajira ya serikali mwaka 1996 nikafuata mishahara ya shule binafsi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001 sikuwamo, na shule niliyostaafia haikumkatia bima mwalimu hata mmoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kadi yake mimi sijaishika. (Neno bima lenyewe lilitufikia kutoka Bara Hindi. Labda bado liko njiani kuja kwangu.)

Nilikuwa nimeweka fedha za kuezeka upya vile vyumba. Nilizitoa.

Kalamu isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu, na hata ikishafunguliwa haitaki joto lizidi nyuzi 30. Aliyeandika sharti hilo hajalala Mbagala mwezi wa Februari. Umeme ulipokatika niliifunga kwa kitambaa nikaitia ndani ya mtungi wa udongo uliokuwa mtupu, nikauweka kivulini na kuunyunyizia maji kila saa, kama mama aliye na mtoto mwenye homa. Jumapili jioni nilijidunga. Chakula kikapoteza sauti yake. Wali wa nazi ulikuwa mbele yangu nami sikuusikia ukiniita.

Nilinunua kalamu tatu. Nilipungua kilo 6.

Ndipo jirani aliponishika mkono getini. "Mwalimu, mbona unakonda? Unatuficha nini?"

Mimi ni mtoto wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa kwetu mwaka 1983, kabla neno UKIMWI halijaundwa. Watu waliyaita maradhi hayo Juliana, jina la nguo za biashara ya mpakani. Kaka yangu alianza kukonda mwaka 1986. Mama alikuwa akimpunguzia suruali kiunoni, akishona usiku ili majirani wasione.

Basi pale getini nilishindwa kujibu. Nilitaka kumwambia jirani kwamba nimelipia. Kwamba bati za vyumba ndizo hizi zilizopungua mashavuni mwangu. Nikasema ni uzee.

Fedha ziliisha kabla ya kalamu ya nne. Daktari alikuwa amenionya kwamba wengi wakiacha uzito huwarudia, na hakunikaripia. Alinipa vidonge vya metformini kwa ajili ya sukari; hivyo bei yake naimudu. Kilo 4 zimekwisha kurudi. Magoti yanalalamika ninapopanda daladala Rangi Tatu. Masika yalipoanza, mpangaji wa chumba cha nyuma alisogeza kitanda chake hadi ukutani, na ndoo yangu imekaa pale kilipokuwa.

Jirani alinipitia juzi. Akanitazama juu hadi chini, akafurahi kweli. "Sasa umependeza, mwalimu. Tulikuwa na hofu."

Nimelitafuta neno ambalo lingenisaidia siku ile getini. "Kukonda" limebeba jeneza, "kupungua" linafaa hata kwa mchele ghalani, na "kujikondesha" lanipa taswira ya mtu aliyegoma kula kwa hasira. Nataka kitenzi cha mtu aliyeupunguza mwili wake kwa kutaka mwenyewe, akiwa mzima. Ndugu zangu wa Unguja, Lamu na Mombasa, kwenu mnasemaje?