Kata Chini ya Kifundo

Dada yangu alipoondoka kwenda Doha aliniachia vitu vitatu: godoro, deni la shilingi 450 dukani, na money plant ndani ya mkebe wa Kimbo. Godoro nililihitaji. Deni nililipa pole pole. Mmea ndio ulionisumbua.

"Maji kidogo, mwangaza kidogo, na usiusahau," aliniambia kwenye steji, begi lake likiwa tayari ndani ya buti. "Huo haufi. Hata wewe hutauweza."

Wakati huo ulikuwa umeanzia juu ya kabati ya vyombo, ukatambaa juu ya dirisha kwenye misumari midogo aliyoipigilia mwenyewe, ukafika karibu na mlango. Majani yake yalikuwa ya kijani yenye mabaka ya manjano. Bedsitter yetu iko Zimmerman, ina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ploti ya jirani. Ukinyoosha mkono unaweza kumpa mtu wa upande ule chumvi. Ukiishi hivyo, mmea ndio bustani, ndio mlima, ndio kila kitu cha kutazama.

Basi nikaunywesha. Kila asubuhi, kikombe kizima. Nilidhani kupenda kitu ni kukipa. Hata wiki ile mifereji ilikauka na tukawa tunanunua maji kwa mtungi, mmea ulipata fungu lake kabla sijaosha vyombo. Sikujua kwamba mkebe ule haukuwa na tundu hata moja chini. Dada alijua. Ndiyo maana alisema kidogo.

Kufikia Aprili, majani ya karibu na mkebe yakaanza kugeuka manjano yote. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji. Yakalegea, yakaanza kuanguka, asubuhi nayakuta juu ya meko. Siku moja nikainamia mkebe nikanusa udongo: harufu ya mtaro.

Sasa naelewa kilichotokea. Mizizi pia inahitaji hewa. Udongo ukikaa umeloa siku zote, hewa inakosa nafasi na mizizi inaoza. Mizizi ikioza, mmea hauwezi kunywa, kwa hivyo unanyauka kama wenye kiu hali umesimama ndani ya maji. Na wewe, ukiuona umenyauka, unaongeza mengine.

Kila Jumapili dada alikuwa akiniandikia, "Mtoto wangu anaendeleaje?" Mtoto ni mmea, si mimi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeupiga picha nyingi, kwa maringo tu. Nikaanza kumtumia hizo. Moja Jumapili hii, nyingine Jumapili ijayo. Yeye ananirudishia mioyo, kisha ananitumia zake: amesimama kando ya bahari, miwani myeusi, maghorofa marefu nyuma yake. Leo kitambaa chekundu, wiki ijayo cha bluu. Mimi nazipeleka kwa Mama, Mama anazionyesha kanisa zima. Sisi sote tulikuwa tunaendelea vizuri sana.

Julai, baada ya kama picha ya kumi, jibu halikuwa moyo.

"Hapo nyuma kuna kalenda. Imeandikwa Machi."

Nilitazama simu mpaka skrini ikazima. Ujumbe wa pili ukaingia: "Umeuua, sivyo?"

Nikampigia. Nikamwambia yote: vikombe, harufu, majani, picha. Nilingoja anichambue, kwa sababu dada yangu anajua kuchambua mtu. Alinyamaza. Nilidhani bando imeisha.

"Hata mimi," akasema, "zile picha zote ni za siku moja."

Ilikuwa siku yake ya mapumziko, ya kwanza na ya pekee tangu afike. Alibeba nguo nne ndani ya mfuko wa plastiki, akawa anabadilishia chooni, na Mkenya mwenzake akimpiga picha. Alijua Mama atangoja. Mshahara wa miezi miwili alikuwa hajalipwa. Alikuwa akilala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kwa maana alikuwa amejifungia stoo.

"Na unajua jikoni humu kuna money plant?" akaongeza. "Ya plastiki. Kila Alhamisi naipanguza vumbi."

Tukacheka, halafu hatukucheka.

"Haya, washa video," akasema. "Nionyeshe maiti."

Nikamwonyesha. Karibu na mkebe shina lilikuwa jeusi, likibonyea ukilishika. Lakini kule mbali, juu ya mlango, kulikuwa na kama nusu mita bado kijani. Akaniambia niikaribie na simu.

"Unaona pale jani linaposhikana na shina, pana kinundu cha kahawia? Hicho ni kifundo. Mizizi inatokea hapo. Kata chini ya kifundo, si juu. Jani peke yake bila kifundo litakudanganya. Litakaa kijani miezi ndani ya maji, lakini halitatoa shina jipya."

Nilikata vipande vitatu kwa kisu cha mboga, mkono ukitetemeka kama daktari wa siku ya kwanza. Nikavitia kwenye chupa za jemu, vifundo ndani ya maji, majani nje. Nikaviweka dirishani. Maji nikawa nabadilisha kila baada ya siku chache. Wiki mbili baadaye nikaona uzi mweupe, mfupi kuliko kucha. Niliupiga picha siku hiyo hiyo.

Baadaye nilisoma kwamba mmea huu asili yake ni Moorea, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki, na kwamba karibu hautoi maua kamwe. Mwaka 2016 watafiti walieleza sababu: una hitilafu kwenye jeni ya kutengeneza homoni ambayo ungehitaji ili uchanue. Bila maua hakuna mbegu. Kwa hivyo umeenea duniani kwa kukatwa tu, mtu akimkatia mtu. Wa dada alikatiwa na mwenye saluni Githurai, naye alikatiwa na mtu mwingine. Nilipoona mizizi ile nilifahamu kwamba sikuanza upya. Ulikuwa mmea ule ule.

Vipande viwili nimevipanda kwenye mkebe mpya, wenye matundu niliyotoboa kwa msumari. Kabla ya kumwagilia natia kidole kwenye udongo. Kikiingia mpaka kiungo cha pili na bado ni pakavu, namwagilia. Kikitoka na unyevu, nauacha. Mabaka ya manjano yamefifia kwa sababu mwangaza wetu ni haba, lakini unatambaa. Kipande cha tatu nilimpa jirani wa dirisha la pili, chupa ikapita mkono kwa mkono juu ya kichochoro. Nilimwonya tu mtoto wake asitafune majani, utomvu wake huwasha mdomo.

Dada amelipwa mwezi mmoja. Mwingine bado anadai. Mkataba unaisha mwaka ujao, na Mama sasa anajua, kwa sababu tulimwambia pamoja kwenye simu. Hakuonyesha kanisa chochote wiki hiyo. Aliomba tu.

Jumapili iliyopita dada alinitumia picha ya miguu yake ndani ya beseni, vifundo vimevimba. Chini ameandika: "Leo." Nami nikampigia picha jani moja lililoliwa na mdudu, tundu katikati, nikaandika vivyo hivyo.