Mtepe, Chombo Kilichoshonwa

Neno kuunda limesafiri mbali na ufuo wa bahari. Leo huundwa serikali, kamati na mitambo, na mwanafunzi wa lugha huandika juu ya muundo wa sentensi pasipo kukumbuka kwamba kamusi za zamani zililieleza neno hili kwa kazi ya mbao, hasa kazi ya vyombo. Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, nguo ilifumwa, chombo kiliundwa. Tofauti hii haikuwa ya bure. Mwenye kujenga huweka jiwe juu ya jiwe, na uzito wa jiwe lenyewe hulituliza. Mwenye kuunda hana budi kufikiri juu ya kitu ambacho hakitatulia hata siku moja: kitainuliwa omo na wimbi huku tezi yaning'inia, kitapindwa na kubanwa, kitalazwa ubavu mchangani maji yakipwa, na katika hali zote hizo kitatakiwa kubeba mzigo wa watu.

Katika vyombo vya pwani ya Waswahili, hapana kilicholijibu swali hilo kwa namna ya peke yake kama mtepe. Ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu na cha Wabajuni. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ulikuwa na mlingoti mmoja na tanga la mkeka, la pembe nne, tofauti na tanga la pembe tatu la jahazi. Omo yake ilinyoshwa mbele kama shingo ya ngamia, na jicho lilichorwa kila upande. Wenyeji walisimulia kuwa shingo hiyo ni mfano wa ngamia wa Mtume.

Ushonaji wenyewe ni wa kale sana. Kitabu cha safari cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, chautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na chasema kuwa jina hilo latokana na mashua zake zilizoshonwa. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba, na matanga ya mikeka. Baina ya habari hizi mbili zilipita karne 14. Kazi iliyodumu muda wote huo haiwezi kuitwa jaribio la watu wasiojua.

Walakini imesemwa mara nyingi kuwa watu wa Bahari ya Hindi walishona kwa kukosa chuma. Maelezo haya ni mepesi mno. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika juu ya chuma cha Malindi na Mombasa, akakitaja kuwa bidhaa ya biashara. Watu wenye chuma cha kuuza hawawezi kuambiwa kuwa walikosa msumari. Hadithi nyingine ilidai kuwa baharini mna majabali ya sumaku yachomoayo misumari katika mbao. Procopius, mwanahistoria wa Rumi ya Mashariki wa karne ya 6, aliikanusha kwa hoja fupi: merikebu za Warumi zenye chuma kingi zilipita Bahari ya Shamu zisipatwe na neno. Hata hivyo, naye akaishia katika sababu ile ile ya uhaba wa chuma.

Hukumu mbili za wasafiri mashuhuri zafaa kuwekwa pamoja. Marco Polo aliviona vyombo vilivyoshonwa huko Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, akavilaumu: ni vibovu, ni vya hatari, na vingi huzama. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika alipokuwa akieleza kamba za makumbi za visiwa vya Maldives kwamba bahari ile ina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, na kilichoshonwa hulegea kikasalimika. Mmoja alikitazama chombo kwa jicho la abiria mwenye hofu, na mwingine aliuliza kwa nini mafundi walitenda walivyotenda. Swali la pili ndilo la mwundaji.

Msumari hushika mahali pamoja. Chombo kikipindwa, nguvu yote hukusanyika pale ulipoingia. Chuma hula kutu, tundu hupanuka, ubao hupasuka. Mshono hugawa nguvu hiyo katika urefu wote wa ubao. Kamba huvutika kidogo, kisha hurudi. Tena makumbi hustahimili maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingi, nayo tangu mwanzo yalitayarishwa kwa bahari: yalifukiwa kwa miezi katika mchanga ufikwao na maji, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa, aghalabu na wanawake. Kwa hiyo ni kosa kumhesabu mwenye tezo na keekee peke yake kuwa ndiye aliyeunda mtepe.

Utaratibu wa kazi nao ulikuwa kinyume cha ule wa jahazi la misumari. Katika jahazi, fundi husimamisha mataruma juu ya mkuku mapema, na mbao hufuata umbo ambalo mataruma yamekwisha kulitoa. Katika mtepe mbao zilitangulia. Ubao uliunganishwa na ubao, ukingo kwa ukingo, kwa vijiti vya mti na kamba, na mataruma yakatiwa ndani baadaye. Maana yake ni kuwa umbo lote la chombo lilikaa katika jicho la fundi na katika mkato wa kila ubao. Huko Ulaya, tangu Mfaransa Pierre Bouguer alipochapisha Traité du navire mwaka 1746, uthabiti wa merikebu uliweza kupimwa kwa hisabati kabla mti haujakatwa. Fundi wa mtepe hakuwa na karatasi ya kumsahihisha. Ubao wa chini ukikatwa vibaya, kosa lilipanda pamoja naye hadi juu.

Yapasa pia kusema gharama yake. Chombo chenye kulegea huvuja. Mabaharia wa mtepe walifua maji ya ngama safari nzima, na kamba zilichakaa zikataka kushonwa upya. Wapenzi wa mambo ya kale hupenda kuulilia mtepe. Hawakuyafua maji yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mwenye mali alipolinganisha mtepe na jahazi la misumari, lililovuja kidogo na kuhitaji mikono michache, hesabu ilikuwa rahisi. Mitepe ikatoweka, na pamoja nayo wakaondoka washonaji.

Bahari na wapenzi wake wamerudisha sehemu ya habari. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung katika Indonesia, ilionekana merikebu ya karne ya 9 iliyoshonwa, ikiwa imesheheni vyombo vya udongo vya Uchina. Baadhi ya mbao zake zilitambuliwa kuwa za Afzelia, jamii moja na mbambakofi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Tim Severin aliundisha huko Sur, Oman, chombo kiitwacho Sohar pasipo msumari katika mbao zake. Washonaji waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep vya Uhindi. Sohar iliondoka Muscat mwezi wa Novemba mwaka huo, ikafika Guangzhou Julai 1981.

Unguja nayo ilitaka mtepe wake. Mwaka 2003 mmoja uliundwa na mafundi wa Lamu kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mitepe mikubwa ilikuwa haijashonwa kwa miaka mingi, hivyo vielelezo vilivyosalia vilikuwa mitepe midogo ya mfano, picha na maandishi. Mtepe wa mfano waonyesha urefu wa omo, idadi ya mbao na mahali pa jicho. Hauonyeshi kamba ivutwe kwa nguvu kiasi gani, ivutwe ikiwa kavu au imelowa, wala ubao utoe sauti gani mshonaji ajue kuwa sasa inatosha. Mambo hayo hujulikana chombo kikiingia majini, na mtepe ule uliundiwa ukumbi.