Kupanda Nairobi na Kompyuta Mapajani

Kwenye stesheni ya treni ya Miritini, Mombasa, mizigo hulazwa chini kwa mstari, wenyewe wakasimama kando, na mbwa wa polisi akapita akinusa. Kasha letu la kompyuta liliponuswa na kupitishwa kwenye eksirei, askari aliuliza linapelekwa wapi. Ndugu yangu mdogo akamjibu: "Kwa fundi, afande. Nairobi."

Ilikuwa Agosti, likizo ya shule. Treni ya Madaraka Express imekuwa ikipanda na kushuka tangu 2017, lakini sisi wawili hatukuwa tumewahi kuvuka Voi.

Tatizo lenyewe lilikuwa gemu ya Grand Theft Auto V. Ilitoka kwa kompyuta mwaka 2015, na mashine yetu ilikuwa na uwezo wa kuibeba. Ilianza vizuri, fremu 60 kwa sekunde, kisha baada ya muda picha zikaanza kukwama na sauti kukatika. Ukiizima ikapumzika, hurudi sawa. Duka moja la mjini lilitushauri tununue kadi mpya ya grafiki, kwa bei inayokaribia karo ya muhula. Nilikataa kwa sababu ya jaribio moja tulilolifanya nyumbani. Tuliteremsha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, na kukwama hakukupungua hata kidogo. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora. Ukiipunguzia kazi zaidi ya nusu na mambo yakabaki vile vile, basi anayechelewesha ni mwingine: prosesa, RAM au diski. Natamani kila mzazi anayeombwa pesa za kadi alijue jaribio hili, maana halina gharama.

Baada ya Mariakani minazi ilipungua, nchi ikakauka. Tsavo reli imepandishwa juu ya tuta, na wanyama wameachiwa vivuko chini yake. Abiria waliinuka ghafla kuelekea madirisha ya upande mmoja: ndovu, wekundu kwa udongo wa huko, wakubwa kuliko nilivyowahi kuwafikiria. Ndugu yangu alitazama kwa macho yaliyojaa furaha, mkono mmoja ungali juu ya kasha.

Milango ilipofunguliwa Syokimau, baridi ilitupiga kifuani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Agosti wenyeji hutembea na majaketi.

Kesho yake, katika duka dogo la Moi Avenue, fundi alikuwa dada mmoja ambaye hakushika bisibisi kabla ya kuuliza. "Inakwama mkiifungua tu, au baadaye?" Alipojibiwa, aliweka programu ya kuonyesha joto la prosesa pembeni mwa skrini, akamwachia kijana acheze. Gemu ikaenda muda mrefu bila kasoro. Ndugu yangu alikaribia kulia. "Dada, wallahi nyumbani inakwama!"

Hakumbishia. "Nyumbani mnaiweka wapi?"

Tulimwambia: ndani ya kabati la meza, Mombasa, chumba kisicho na feni. Akaliingiza kasha kwenye kabati lake, akafunga mlango. Namba zikaanza kupanda: 85, 92, 98. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujilinda zikikaribia nyuzi 100, kwa kupunguza kasi zenyewe. Yetu ikashuka kutoka gigahazi 3.3 hadi chini ya 2, na hapo hapo gari la kwenye skrini likaanza kurukaruka.

"Ndiyo hii," akasema. "Hewa ya kwenu ikizidi ya hapa kwa nyuzi saba, prosesa nayo huzidi karibu hizo hizo saba. Hapa ingewadanganya kuwa ni nzima."

Alipoifungua, ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea ilikuwa imekauka na kupasuka. Katikati ya mapezi ya chuma vumbi lilikuwa limegandamana, na kingo zilishaanza kuliwa na hewa ya chumvi. Alisafisha kwa spiriti, akatia pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, akakaza skrubu kwa kufuata pembe zinazokabiliana ili chuma kikae sawasawa. Akatuonyesha pia kwamba RAM ilikuwa kipande kimoja cha gigabaiti 8. Cha pili cha aina hiyo hiyo huiwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Tulikinunua cha mtumba.

Alituagiza tusiirudishe kabatini, na kila mwaka kabla kaskazi haijaanza tuifungue na kuipuliza vumbi.

Mombasa, usiku wenye joto, prosesa ilikomea nyuzi 83 na fremu hazikuteremka. Kilichosalia ni diski, ambayo bado ni ile ya kuzunguka: gari likienda kasi sana, majengo ya mbali huchelewa kutokea. Ndugu yangu ameanza kuweka akiba ya SSD, diski isiyozunguka.