Pembe Ina Mambo!

Kuna neno tunalitumia kila siku bila kulifikiria: pembe. Darasani tulifundishwa pembe kali, pembe butu na pembe mraba, tukafaulu mtihani, yakaisha. Ukitoka darasani ndipo mambo yanapoanza.

Ng'ombe ana pembe. Ndovu naye tunasema ana pembe, ingawa zake ni meno. Tazama nembo ya taifa kwenye pasipoti yako, mwanamume na mwanamke wamezishika, ngao katikati. Mtoto akianza jeuri nyumbani, eti ameota mapembe. Lakini ukifika Kariakoo, Uhuru inapokutana na Msimbazi, hakuna anayesema pembe. Pale ni kona, na fremu ya kona kodi yake si mchezo, maana inatazama barabara mbili.

Kwenye mapenzi ndiyo balaa! Wakiwa watatu, penzi ni la pembe tatu. Ukiwekwa pembeni, ujue umeachwa kiaina. Sasa fikiria mchumba wangu ananiambia, tukinywa chai Mtaa wa Sikukuu, zimebaki wiki 6 tufunge ndoa: "Naomba nikae pembeni kwanza." Moyo ukafanya paa!

Shosti wangu mmoja angeshampigia simu mama mkwe. Mimi nilimwuliza swali moja tu: "Pembeni ya nini?"

Kumbe pembeni ya kamati! Vikao kila Jumapili, kadi za michango kwa watu ambao nao wanatudai, ukumbi, sare, mtu wa video. Jamaa alikuwa amekopa kazini kimyakimya, na kila kikao bajeti inapanda. Aliona aibu kuniambia, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wangu.

Tulikwenda kwa mjomba wote wawili. Waalikwa wakapungua kutoka 300 hadi 80, ukumbi tukauacha, tukala pilau nyumbani. Shangazi mmoja hajatusamehe mpaka leo, lakini deni tulilimaliza kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa.

Kwa hiyo, mwenzio akisema anataka kukaa pembeni, usianze kulia wala kupekua simu yake. Muulize ni pembeni ya nini. Jibu linaweza kuwa kazi, ndugu au madeni. Linaweza pia kuwa wewe, na hilo nalo ni afadhali ulijue kabla kadi hazijachapwa.