Sodo ni Nafaqa



Madrasani, mlango wa hedhi hatuurukii. Safinatun-Najaa imetufunza sote, wake kwa waume: uchache wake ni mchana na usiku wake, ghalibu ni siku 6 au 7, na wingi wake siku 15. Nimeusomesha mlango huu miaka mingi, lakini swali lake gumu kuliko yote niliulizwa Migori.

Nilialikwa kutoa darsa kwa ndugu zetu wa huko. Baada ya darsa wanawake waliniletea maswali kwa vikaratasi, na kimoja kilikuwa na mwandiko wa mwanafunzi: “Nina kitambaa kimoja. Kikiwa hakijakauka, niende shule au nibaki nyumbani?”

Jibu la fiqhi ni jepesi: hedhi haimzuii mtu kutafuta elimu. Nusu ya pili ya jibu ilikuwa dukani, na imamu wa msikiti alimtuma mkewe jioni ile ile.

Tusilidharau swali hili. Migori na Homa Bay zimepakana na Ziwa Victoria, na katika fuo zake kuna desturi iitwayo jaboya: mwanamke hutoa mwili wake kwa mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa vijijini magharibi ya Kenya. Miongoni mwa wasichana wa miaka 15, mmoja katika kila 10 alisema aliwahi kutoa mwili wake ili apate fedha za sodo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na asiyenunuliwa sodo na babake, ulimwengu humnunulia kwa bei yake.

Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa, Serikali ikapewa jukumu la kumpa sodo bure kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma. Ni sheria njema. Lakini mwalimu mmoja wa Homa Bay aliniambia kuwa pakiti huisha kabla ya muhula, na likizo haina pakiti kabisa.

Wako wasemao kwamba haya si maneno ya mwanamume. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya mwanamke wa Bani Ghifar aliyepandishwa nyuma ya Mtume (S.A.W.) katika safari ya Khaybar. Hedhi yake ya kwanza ikamjia njiani, damu ikaonekana juu ya tandiko, naye akajikunyata kwa haya. Mtume alimwelekeza ajitengeneze, atie chumvi katika maji, aoshe palipoingia damu, kisha arudi kwenye kipando chake. Hakumkemea, wala hakumwacha njiani.

Basi, akina baba, sodo ni katika nafaqa ya binti, kama chakula na mavazi. Iandikeni pamoja na unga na sukari. Akina mama, mfunzeni mwari kabla damu haijamfunza, kama somo alivyowafunza bibi zetu. Nasi walimu tuweke madrasani choo chenye maji, komeo na pakiti ya akiba. Na tunapowapelekea ndugu zetu wa Migori na Homa Bay tende za Ramadhani, tutie na sodo ndani ya kifurushi.

Wabillahi tawfiq.