North Dakota: Nchi Pana, Watu Haba

Katika majimbo 50 ya Marekani, liko moja upande wa kaskazini, mpakani mwa Kanada, liitwalo North Dakota. Liliingia katika umoja wa Marekani tarehe 2 Novemba 1889, na mji wake mkuu ni Bismarck. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 183,000, nayo ni nchi ya nyika tambarare, yenye upepo mkali na baridi ya kugandisha mito. Walakini watu wake, kwa hesabu ya mwaka 2020, walikuwa 779,094 tu. Yaani kila kilomita ya mraba haipati ila watu wanne hivi.

Huenda msomaji akauliza: Tuna haja gani na nchi ya mbali namna hiyo? Jawabu ni kwamba imo ndani yake ibra kubwa juu ya mali na watu, na imo pia habari ya ndugu zetu Waislamu, ambayo wengi hawajapata kuisikia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa ekari 160 kila aliyekubali kukaa juu ya ardhi na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa kwanza ya wenyeji wa asili. Wakaja Wanorwe, wakaja Wajerumani waliotoka Urusi. Na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaja Waislamu kutoka Shamu, wakakaa karibu na kijiji cha Ross. Walilima ngano kama jirani zao, wakasali majumbani mwao hata mwaka 1929, walipojenga msikiti mdogo, nusu yake ikiwa chini ya ardhi. Huo ni mmojawapo wa misikiti ya mwanzo kabisa kujengwa Marekani.

Maisha ya mkulima yalikuwa mazito. Bei ya ngano yake ilikatwa na wafanya biashara wa miji ya mbali, na mikopo ikatoka kwa mabenki ya huko huko. Basi wakulima waliungana, wakashinda uchaguzi, na mwaka 1919 wakaanzisha benki iliyo mali ya jimbo lenyewe. Mwaka 1922 kiwanda cha jimbo cha kusaga ngano kilifunguliwa katika mji wa Grand Forks. Vyote viwili vingali vikifanya kazi hata leo. Benki hiyo hufanya kazi kwa riba, na kwa hilo Mwislamu hawezi kuifuata. Lakini kule kushikamana kwa wanyonge ili wasidhulumiwe ni jambo la kusifiwa.

Hata hivyo umoja peke yake haukuzuia watu kuondoka. Mwaka 1930 jimbo lilikuwa na watu 680,845. Ukaja ukame wa miaka ile, kisha zikaja mashine zilizofanya kazi ya mikono mingi, na vijana wakahamia mijini na majimbo mengine. Mwaka 1970 walibaki 617,761. Msikiti wa Ross nao uliishiwa na jamaa: wazee walikufa, na watoto wao wakatawanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukabomolewa, yakabaki makaburi. Lakini mwaka 2005 msikiti mwingine mdogo, wenye kuba na minara minne, ulisimamishwa mahali pale kuwa kumbukumbu ya wazee wale.

Kumbe chini ya mashamba yale palikuwa na utajiri. Mafuta yaligunduliwa karibu na Tioga mwaka 1951, lakini hasa baada ya mwaka 2008, ilipopatikana njia ya kupasua miamba ya chini sana, mafuta yalitoka kwa wingi. Mwaka 2014 yalipita mapipa milioni moja kwa siku. Watu walimiminika kutafuta kazi, wengine wakilala katika magari yao. Pango la nyumba mjini Williston likapanda hata wazee wenyeji wakashindwa kulipa. Kisha bei ya mafuta ikaanguka, na wengi wakarudi walikotoka.

Lakini wenyeji walikuwa wamejihadhari. Mwaka 2010 walipiga kura kuwa asilimia 30 ya kodi ya mafuta iwekwe akiba, tena isiguswe hata mwaka 2017. Sisi tunaoijua habari ya Nabii Yusuf, alayhi s-salaam, na ghala zake za Misri, hatuna haja ya kuelezwa hekima ya kuweka katika miaka ya neema.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa akiba ndiyo ustawi wote. Katika jimbo hilo hilo serikali kuu ilijenga bwawa la Garrison, lililokamilika mwaka 1953. Maji yake yalifunika mashamba bora ya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, pamoja na mji wao wa Elbowoods na hospitali yake. Mwaka 1948, mkataba wa kuitoa ardhi hiyo ulipotiwa saini, mwenyekiti wao, George Gillette, alilia mbele ya wakubwa. Hospitali ile iliyozama haikupata badala yake ya kufaa hata mwaka 2011. Watu wachache ndani ya nchi ya watu wachache walisahauliwa zaidi ya nusu karne!

Basi tuzingatie, hasa vijana wetu. Ardhi pana si utajiri, na mafuta si raha, ikiwa jirani amesahauliwa. Na msikiti hauzimwi na adui peke yake. Huzimika pia pole pole, pale ambapo wazee wanakufa na hakuna kijana wa kuadhini.